SOMO LA MWEZI: KUWATAFUTA MANAMBA WETU KATIKA NYARAKA



Katika vilima vya Mutaho, kaskazini ya mji wa Gitega, nyumba nyingi zina hadithi moja. Babu aliondoka alfajiri na wenzake wawili watatu, akashika njia ya Muyinga, akavuka mpaka. Ama alikwenda Buganda kulima mashamba ya pamba na kahawa ya watu wengine, ama alikwenda Tanganyika kukata mkonge. Wengine walirudi na blanketi, nguo na fedha ya kodi. Wengine hawakurudi, na watoto waliobaki waliambiwa tu kwamba baba yuko "manamba". Neno hilo la Kiswahili limeingia hata katika Kirundi. Lilitokana na namba aliyopewa mtu alipoandikishwa kazi: nyumbani aliitwa kwa jina, kambini aliitwa kwa tarakimu.

Katika somo hili tutaeleza jinsi sisi wafanyakazi wenyewe tunavyoweza kwenda mahali zinapotunzwa nyaraka na kuwatafuta watu hao. Wataalamu wamefanya sehemu yao. Jean-Pierre Chrétien alichapisha mwaka 1978 uchunguzi wake juu ya Warundi na Wanyarwanda waliokwenda Uganda kati ya 1920 na 1960. Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago walitoa mwaka 1983 kitabu juu ya vibarua wahamiaji wa mashamba ya mkonge ya Tanzania. Kazi zao ni nzuri na tunazishukuru. Lakini mtaalamu hutafuta habari za maelfu, na mjukuu hutafuta mtu mmoja. Tena chama cha wafanyakazi kina haja yake, ambayo mtaalamu hawezi kuifanya kwa niaba yetu: kujua kazi iliyofanywa imeandikwa wapi, na nani anaishika karatasi hiyo.

Msidhani haya ni mambo ya zamani tu. Mzee anayedai pensheni leo huulizwa maswali yale yale: ulizaliwa lini, ulianza kazi lini, ulifanya kazi kwa nani, mchango wako ulikatwa na kupelekwa? Nguvu alizotumia hazina ushahidi mgongoni mwake. Ushahidi uko katika daftari la mtu mwingine. Daftari likipotea, miaka ya kazi nayo imepotea.

Basi tufanye mfano. Tuseme yuko mwenzetu, mfanyakazi wa kiwanda au wa shamba la chai, ambaye babu yake aliondoka Mutaho kabla ya uhuru na inasemekana alikwenda Tanga. Aanzie wapi?

Aanzie nyumbani, kwa wazee, kabla ya kupanda basi lolote. Nyaraka hazijibu swali ambalo halikuulizwa vizuri. Anahitaji mambo matatu: majina yote ya babu, kilima alichotoka, na wakati alioondoka. Wakati hautatajwa kwa tarehe. Mzee atasema "ilikuwa baada ya vita ya Wazungu" au "mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa". Hayo yanatosha kuanzia, kwa sababu matukio makubwa yana tarehe zake. Mwami Mwambutsa alitawazwa mwezi wa Desemba 1915. Vita vya pili vilianza 1939 na kwisha 1945. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962. Mzee ambaye hajui mwaka aliozaliwa huenda anakumbuka vizuri sana alikuwa wapi siku ile Rwagasore alipouawa. Muulizeni hivyo, polepole, na muandike maneno yake kama alivyoyasema.

Juu ya majina tukae kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa desturi ya Warundi hakuna jina la ukoo linalorithiwa na watoto wote. Kila mtoto hupewa jina lake, na ubatizo huongeza la pili. Kwa hiyo usimtafute babu kwa jina la baba yako, wala usishangae ndugu watatu wa tumbo moja wakiwa na majina matatu yasiyofanana. Kisha karani, awe Mjerumani, Mbelgiji, Mwingereza au mwenzetu Mwafrika, aliandika alivyosikia. R iligeuka L, na L ikageuka R. Majina ya mahali nayo yalibadilika: katika karatasi za zamani Gitega huandikwa Kitega, Muyinga huandikwa Muhinga, Bujumbura ni Usumbura, na nchi yenyewe ni Urundi. Anayetafuta neno "Gitega" katika orodha ya majalada ya miaka ya 1930 aweza kurudi mikono mitupu, na huku jalada liko mbele yake.

Tena wako waliobadilisha majina wenyewe. Uchunguzi wa wahamiaji wa Buganda uliosimamiwa na Audrey Richards na kuchapishwa mwaka 1954 ulieleza jinsi watu wa Ruanda-Urundi walivyojiingiza katika maisha ya Kiganda, wengine wakichukua majina ya huko. Mtu aliyechoka kudharauliwa kwa ugeni wake alikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo, lakini mjukuu wake leo anapata tabu. Na kwa upande wa Tanganyika, kwa kuwa Kirundi na Kiha ni lugha ndugu, ni vizuri kutazama pia orodha za Waha, asije karani akawa amewachanganya.

Baada ya nyumbani, mahali pa pili ni parokia. Mapadri Weupe waliweka misheni yao ya Mugera, katika nchi hii ya Gitega, mwaka 1899, na misheni zilizofuata zilienea vilimani. Kila parokia hutunza madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya waliokufa. Katika daftari la ubatizo kuna jina la mtoto au mtu mzima aliyebatizwa, tarehe, majina ya wazazi na la msimamizi wake. Wengi huishia hapo, wakaandika tarehe na kuondoka. Wasiondoke. Watazame ukingo wa ukurasa.

Sheria ya Kanisa ilimtaka padri aliyefungisha ndoa apeleke habari kwenye parokia alikobatizwa bwana au bibi, ili iandikwe pembeni mwa jina lake. Maana yake ni hii: mtu aliyebatizwa karibu na Mutaho, akaenda manamba na kuoa kanisani huko ugenini, huenda ndoa yake imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa jina lake, hapa nyumbani, pamoja na jina la parokia ya huko. Mstari mmoja kama huo waweza kukuonyesha ni wapi katika Tanganyika au Uganda uendelee kutafuta. Ofisi ya serikali haikuwa na haja ya kumfuata kibarua hivyo baada ya kulipa kodi. Kanisa lilikuwa na haja, kwa sababu halikutaka mtu aoe mara mbili.

Njia hii ina mipaka yake. Wengi walioondoka mapema, kabla ya ile miaka ya 1930 ambapo watu walibatizwa kwa wingi, hawakuwa wamebatizwa. Na ndugu zetu Waislamu, wa Gitega au wa Buyenzi kule Bujumbura, hawana daftari la ubatizo. Kwao watafutwe wazee wa msikiti na hati za ndoa zilizobaki katika familia. Tena madaftari ya parokia si kitabu cha maktaba. Nenda siku ya kazi, si Jumapili. Mweleze padri wewe ni nani, babu ni nani, unatafuta nini. Usiombe kupewa daftari zima. Omba akutazamie miaka mitano au sita uliyoikadiria.

Mahali pa tatu ni ofisi ya komini, penye madaftari ya kuzaliwa, ndoa na vifo. Hapa mtakutana na neno moja la Kifaransa ambalo limewasumbua wafanyakazi wengi: "vers", yaani "kama mwaka fulani". Mtu huandikwa alizaliwa kama mwaka 1935, bila siku wala mwezi. Kwa karani lilikuwa neno dogo la kumalizia kazi. Kwa mzee anayengoja kutimiza umri wa pensheni, neno hilo laweza kuwa miezi mingi ya kungoja. Cheti cha ubatizo chenye tarehe kamili, kilichoandikwa mapema kuliko ugomvi wowote, husaidia hapo.

Juu ya komini kuna jambo la haraka. Mwaka 2025 Burundi ilibadilisha mipaka yake ya utawala: mikoa 18 ikawa 5, na komini 119 zikawa 42. Mutaho, iliyokuwa komini katika mkoa wa Gitega, ni mojawapo ya zile zilizounganishwa na nyingine. Hatusemi lolote juu ya uzuri au ubaya wa mabadiliko hayo. Tunasema tu kwamba ofisi zinapounganishwa, makabati huhama. Madaftari hupakiwa katika gari, hushushwa katika chumba kingine, na yale yaliyochakaa huonekana ni takataka. Popote duniani karatasi nyingi hupotea kwa njia hiyo, bila moto wala vita. Tawi la chama lililo karibu lingefanya vizuri kwenda kuuliza kwa heshima: madaftari ya zamani ya komini yetu yako wapi sasa, na nani ameyapokea? Swali likiulizwa mara moja na kuandikwa katika barua, mtunza stoo huwa mwangalifu zaidi.

Sasa tutoke vilimani. Majalada ya utawala wa Wabelgiji hayapatikani yote hapa. Mjini Bujumbura kuna Nyaraka za Taifa, lakini sehemu kubwa ya karatasi za utawala wa Ruanda-Urundi ilipelekwa Brussels wakati wa uhuru, na huko ndiko wachunguzi wanakoisoma. Mfanyakazi wa Mutaho anayetaka kusoma barua iliyoandikwa Gitega juu ya kilima chake yambidi amtafute mtu aliye Ulaya. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na Warundi walioko Ubelgiji wanaweza kusaidia sana kama wataombwa kitu kinachoeleweka: jina la mahali kwa tahajia ya zamani, miaka, na aina ya karatasi.

Kuna pia karatasi ambazo Wabelgiji hawakuweza kuzificha, kwa sababu walilazimika kuzichapa. Waliitawala nchi hii kwa idhini ya Shirika la Mataifa, na kutoka 1946 kwa idhini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo walitakiwa kutoa ripoti kila mwaka. Humo mna habari za kodi, za kazi na za watu waliotoka kwenda nchi za jirani. Umoja wa Mataifa ulituma pia wajumbe wa kutazama nchi, mwaka 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960, na watu wa kawaida waliweza kuwaandikia malalamiko. Ripoti hizo ziko katika maktaba kubwa za nchi mbalimbali. Zisomeni kwa jicho kavu. Ziliandikwa na bwana anayetaka kumridhisha bwana mwingine.

Mwenzetu wa mfano wetu, akiwa ameona pembeni mwa daftari kwamba babu alioa upande wa Tanga, itambidi aelekee Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa za Tanzania. Sheria ya nyaraka ya huko ilitungwa mwaka 1965, na sheria inayofuatwa sasa ni ile ya mwaka 2002. Humo mna majalada ya Wajerumani, mengine yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza; na mna majalada ya Waingereza, ya makao makuu, ya majimbo na ya wilaya. Mgeni huhitaji kibali cha utafiti kabla ya kuingia, na kibali kina gharama na huchukua muda. Kwa hiyo ni afadhali tawi au chama kiandike barua moja kwa ajili ya watu kumi kuliko watu kumi kwenda mmoja mmoja. Na njia nyepesi kuliko zote ni kuwaomba wenzetu wa chama cha Tanzania walio papo hapo.

Atapata nini humo? Jina la babu yake huenda asilipate. Tuseme kweli mapema. Serikali iliweka barua juu ya vibarua. Majina ya vibarua yalikuwa katika madaftari ya mashamba. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, mengine yakauzwa tena kwa watu binafsi miaka ya 1990, na katika kila mabadiliko kama hayo madaftari ya mishahara hayakuwa kitu cha kwanza kubebwa. Ambaye babu yake aliendelea kufanya kazi Tanzania baada ya 1964 ana bahati zaidi, kwa kuwa mwaka huo ulianzishwa Mfuko wa Akiba wa Wafanyakazi uliokuja kuwa NSSF, na mwanachama wa mfuko alikuwa na namba. Safari hii namba ni ya kumsaidia.

Lakini asipopata jina atapata maisha. Atajua kipande kilikuwa nini. Kilikuwa kadi yenye miraba 30, na kila siku kibarua alipomaliza kazi aliyopimiwa, karani alitia alama mraba mmoja. Mkata mkonge alihesabiwa matita. Asipotimiza idadi, au akiugua, au mvua ikizuia, mraba ulibaki mtupu na siku haikuhesabiwa. Mshahara ulilipwa kadi ikijaa. Kadi ya siku 30 iliweza kuchukua wiki sita, hata zaidi. Kwa hiyo ukisoma katika ripoti kwamba manamba alilipwa shilingi kadhaa kwa mwezi, usipige hesabu haraka. Uliza kwanza: mwezi upi, wa mwandamo au wa kipande?

Na hapa tumefika penye kiini cha somo. Karatasi za zamani zimeandikwa na upande mmoja. Asiyejua hilo hutoka katika chumba cha nyaraka akiwa amefundishwa na mwajiri wa babu yake. Chukueni neno "utoro". Limejaa katika majalada ya mashamba. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi wa Kiafrika iliyotungwa Tanganyika mwaka 1923, kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kulikuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani. Karani akaandika: watoro kumi na mmoja. Hakuandika walikimbia nini. Au chukueni maneno "upungufu wa vibarua". Tangu utawala wa Wajerumani hadi wa Waingereza walowezi walilia kwamba hakuna watu wa kufanya kazi, na huku watu wamejaa vilimani. Lililopungua lilikuwa ujira. Kila mara mnapoyaona maneno hayo, mwandike pembeni ya daftari lenu: upungufu kwa bei gani?

Hata ukimya wa majalada una maana yake. Serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926, chini ya Meja Orde Browne, na maofisa wake walikwenda kukagua kambi na kuandika walichokiona: vyoo, chakula, wagonjwa. Mwaka 1931, dunia ilipokuwa katika mdororo wa uchumi, idara ilifungwa ili kupunguza matumizi. Ilirudishwa mwaka 1938. Anayesoma majalada atakuta malalamiko mengi kabla ya 1931, mengi tena baada ya 1938, na katikati machache. Msomaji mwepesi atasema miaka ile ya katikati mambo yalikuwa shwari. Sivyo. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, mishahara ilikatwa, na mwandishi alikuwa amefukuzwa kazi.

Linganisheni na jinsi walivyohesabu vitu walivyovipenda. Mkonge wenyewe uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na Dakta Richard Hindorf. Mwaka 1893 miche yake ilifika kutoka Florida, na twajua kwa hakika kwamba katika miche 1,000 iliyotumwa ni 62 tu iliyofika hai. Sitini na miwili! Miaka mia na zaidi imepita na hesabu ya miche inasomwa vitabuni. Watu waliotoka vilima vya Urundi kwenda kuikata mikonge iliyozaliwa na miche hiyo, wakafia njiani au kambini, hawana hesabu ya namna hiyo.

Migomo nayo imeandikwa zaidi na polisi na idara kuliko na wagomaji. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kwa njia ya reli mpaka miji ya bara. Baada yake mishahara ya bandarini ilipanda, chama cha makuli kikaundwa. Kisha baada ya mgomo na ghasia za Februari 1950 chama hicho kikavunjwa. John Iliffe aliyaandika hayo mwaka 1970, na kwa sehemu kubwa alitumia majalada ya serikali. Yaani tunajua ushujaa wa makuli kwa kuwa mtu fulani ofisini aliogopa na kuandika barua kwa mkubwa wake. Barua hizo ni hazina, lakini zisomeni kama shahidi wa upande wa pili. Penye neno "wachochezi", tazameni madai waliyoyatoa.

Wako watakaouliza: karatasi kuukuu zaweza kweli kumsaidia mtu hai? Jibu liko Kenya. Waingereza walipoondoka katika makoloni yao walibeba majalada waliyoyaona ni ya hatari na kuyaficha. Mwaka 2011, wazee wa Kenya waliokuwa wamefungwa katika kambi wakati wa vita vya Mau Mau walikuwa wameishitaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyoyapata. Katika kesi hiyo serikali ililazimika kukiri kwamba inayo majalada hayo, huko Hanslope Park, kutoka makoloni 37. Hapo maneno ya wazee, yaliyokuwa yakiitwa hadithi, yalikutana na karatasi za waliowatesa. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Majalada yenyewe yamepelekwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza na yanasomwa na watu. Wazee hawakushinda kwa karatasi peke yake. Bila wao kusimama na kusema, zingekuwa zimelala mpaka leo. Lakini bila karatasi wangeambiwa warudi nyumbani.

Pamoja na hayo tusiwe watoto. Sisi wa Burundi twajua kwamba orodha ya majina yaweza pia kuua. Mwaka 1972 watu walikamatwa kwa kuitwa majina, makazini na mashuleni, na mwaka 1993 na baadaye watu wengi wa vilima hivi vya Mutaho walikimbia makao yao. Katika misukosuko hiyo vyeti vilichomwa, vilifukiwa, vilitupwa mtoni na wenyewe. Kwa hiyo mkikusanya habari za familia, msimlazimishe mzee kusema asichotaka kuandikwa. Msiandike kabila la mtu kwa kuwa tu daftari la zamani lina nafasi yake. Na kilichopatikana juu ya jirani kipelekwe kwanza kwa jirani, kabla ya kusomwa mkutanoni.

Maneno machache juu ya siku yenyewe ya kwenda. Chukueni penseli, si kalamu ya wino, maana wino ukimwagika juu ya hati haufutiki. Mikono iwe mikavu na safi. Andikeni juu ya kila ukurasa wa daftari lenu namba ya jalada, kichwa chake na tarehe ya barua, kabla ya kunakili neno lolote. Nukuu isiyo na namba ya jalada haiwezi kutumika mbele ya ofisi yoyote, na kurudi kuitafuta ni nauli nyingine. Msibadilishe mpangilio wa karatasi ndani ya jalada. Na mhudumu wa chumba cha nyaraka ni mfanyakazi mwenzetu: anajua majalada yalipo kuliko orodha, akisalimiwa vizuri na kuelezwa shida.

Mwisho ni karatasi zetu. Ni ajabu kwenda mbali kumlaumu mkoloni kwa kupoteza jina la babu, na huku tawi letu halijui muhtasari wa mkutano wa miaka mitano iliyopita uko wapi. Katika kila tawi lifanyike sanduku moja la bati, liwekwe juu ya mbao, si chini penye mchwa na unyevu. Ndani yake uwekwe muhtasari wa kila mkutano, nakala za madai na majibu ya mwajiri, mikataba, na daftari la ajali linaloandika jina la aliyeumia, mashine, saa, na aliyeshuhudia. Picha ziandikwe nyuma kwa penseli: ni nani, wapi, lini. Kila mwanachama naye atunze nyumbani barua ya kuajiriwa, hati za mishahara, kadi ya hifadhi ya jamii na cheti cha kuacha kazi. Kibarua wa msimu asiyepewa karatasi yoyote aandike mwenyewe katika daftari la shule siku alizofanya kazi, na mwenzake atie sahihi. Karani wa tawi abadilikapo, makabidhiano ya sanduku yafanywe mbele ya mashahidi wawili.

Maswali ya kujadiliana katika tawi:

Nani kati yetu ana mzazi au babu aliyekwenda manamba, na mzee gani aliye hai anaweza kutueleza safari hiyo mwezi huu, si mwakani?

Madaftari ya mishahara ya kiwanda au shamba letu ya miaka kumi iliyopita yako wapi? Nani ana ufunguo?

Someni tangazo lolote la mwajiri lililobandikwa ukutani wiki hii. Kama lingebaki peke yake kwa miaka 50, msomaji wa wakati huo angejua nini juu yetu, na angedanganywa wapi?